Fomu ya Pazia

Kalamu iligoma. Akaigeuza karatasi aijaribu upande wa pili, na hapo ndipo alipoliona jibu la swali la nne.

Alikuwa amesimama, kama kawaida yake. Hakuna aliyewahi kumwona mratibu yule akifanya kazi amekaa. Kiti chake kilikuwa cha kuwekea maboksi, na wenzake walishazoea kuzungumza naye huku wakimfuata kwa macho, kutoka kabatini hadi dirishani, kutoka dirishani hadi mlangoni. Ofisini aliitwa Mratibu. Nyumbani mama alimwita binti yake huyu Kiguu, kwa ajili ya ule msemo wa kiguu na njia, na jina hilo lilikuwa na kisa chake ambacho mama aliwasimulia wageni wote, hata wasiokiomba.

"Huyu mnamwona? Alipokuwa mchanga nilimwogesha kwa maji ya kikombe mpaka alipoanza kutembea. Beseni hakulijua. Ndiyo maana hatulii, anazunguka dunia kutafuta maji ya kumtosha."

Wageni walicheka. Kiguu naye alicheka, kila mara, huku ameshainuka kwenda kuchukua kitu jikoni.

Sasa alikuwa anaandika majina ya maboksi, maana utafiti ulikuwa unafungwa mwisho wa wiki. Ulikuwa utafiti wa kinamama waliojifungua karibuni: wanalala vipi, wanalia mara ngapi, moyo umewakaa wapi. Mlangoni mwa watu haukuitwa hivyo. Uliitwa utafiti wa afya ya mama na mtoto, kwa sababu hakuna mwenye nyumba anayemfungulia mtu aliyekuja kuuliza kama mkewe anatamani kufa. Na kwa kuwa nyumba nyingi hazina pembe ya kuongelea siri, kila mhoji alibeba fomu mbili. Ya kwanza ndiyo ya kweli. Ya pili ilikuwa na maswali kumi mepesi ya kunyonyesha na kuogesha. Akiingia mtu, mume, wifi, jirani aliyekuja kuazima kiberiti, mhoji anaifunika ile ya kweli na kuendelea na hii nyingine kana kwamba ndiyo aliyokuwa akiiuliza tangu mwanzo.

Wahoji waliiita fomu ya pazia. Majibu yake hayakuingizwa kwenye kompyuta. Hayakusomwa na mtu. Jioni fomu hizo zilitupwa kwenye boksi la karatasi chakavu, na migongo yake ikatumika kuandikia orodha, kukunjwa chini ya miguu ya meza zinazotikisika, na kujaribia kalamu.

Hii ilikuwa na mwandiko wa duara wa mhoji mmoja aliyekuwa ameacha kazi na kumfuata mumewe aliyehamishwa. Alikuwa mhoji mzuri. Alifundishwa kuandika kila neno kama lilivyotoka mdomoni, na aliandika kila neno hata pale ambapo halikuwa na maana kwa mtu.

Swali la nne: Mtoto unamwogesha mara ngapi kwa siku?

"Mara moja, mama mkwe akiwepo. Beseni likijaa naogopa kubaki naye peke yangu."

Kiguu alienda dirishani. Akarudi. Akaanza kusoma toka juu.

Mtoto analala vizuri? "Yeye analala. Mimi ndiye nakesha namsikiliza." Ananyonya vizuri? "Ananyonya. Ananitazama kama mtu anayejua kitu." Nani anakusaidia? "Mama mkwe. Haniachi hata dakika. Mwambieni asiniache."

Pembeni, kwa herufi ndogo, mhoji aliandika: *Alicheka aliposema. Mama mkwe naye alicheka.*

Namba ya mshiriki ilikuwa sitini na nne. Akafungua daftari la ziara, akashuka na kidole mpaka sitini na nne, akakuta mwandiko mwingine, huu wa kuegemea mbele kama mtu anayekimbilia mahali. Wa kwake mwenyewe. *Ziara tatu. Mahojiano hayakufanyika. Mama mkwe haondoki. Imefungwa.* Chini yake sahihi, na tarehe. Siku kumi na tisa zilikuwa zimepita.

Akachukua simu.

"Fomu ya pazia si takwimu, Mratibu," Daktari alisema kwenye simu. Daktari ndiye aliyekuwa mkuu wa utafiti, mwanamke wa sauti ya chini ambaye alikuwa mkutanoni na alizungumza kama mtu aliyefunika mdomo kwa kiganja. "Ndiyo maana ikaitwa pazia. Utajuaje kama hakuwa anatania?"

"Sijui. Ndiyo maana naenda."

"Subiri Jumatatu nitume muuguzi na barua."

"Daktari, amesubiri siku kumi na tisa. Ni mimi niliyemfunga."

Kiti kilikwaruza sakafu kule mkutanoni, mlango ukafunguliwa na kufungwa, na sauti ya Daktari ikarudi, safari hii bila kiganja. "Mshauri wa afya ya akili anaondoka kliniki saa kumi. Nitampigia. Ukiona kuna hatari, mlete leo leo. Na Mratibu, usiende kama askari."

Kabla hajatoka alichukua kalamu nene, akaandika juu ya lile boksi la karatasi chakavu: ISITUPWE. Kisha akaona haitoshi, akalifungia kabatini na kuchukua ufunguo.

Dereva wa mradi alikuwa anafuta vioo vya gari vilivyokuwa safi tayari. Alikuwa na umri wa kuwa baba yake, na kwa mwaka mzima na nusu alikuwa amewasubiri wahoji nje ya milango mia mbili bila kuingia hata mmoja.

"Shikamoo mzee. Twende."

"Marahaba. Wewe bosi ungekuwa gari ningeshakuuza. Hulali gereji hata siku moja."

"Twende, mzee wangu. Nitakueleza njiani."

Njiani hakueleza. Alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua. Dereva alimtazama kwa pembe ya jicho, akaongeza mwendo bila kuambiwa.

Maelekezo ya nyumba yalisema: *nyumba ya nne baada ya fundi baiskeli, mlango wa mabati uliopinda.* Walipita mara mbili, kwa sababu mlango ulikuwa umenyooshwa. Fundi baiskeli ndiye aliyewaonyesha kwa spana, bila kuinua kichwa.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda kizingitini, anashona chandarua kilichochanika. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, na magoti yake yalifungwa vitambaa vya joto ingawa jua lilikuwa kali.

"Hodi, mama."

"Nilishasema hatununui."

"Hatuuzi. Shikamoo."

"Marahaba." Akainua macho, akaona mkoba na karatasi. "Aa! Ni nyie wa maswali. Mara ya nne hii. Hamjajua tu mtoto ananyonya mara ngapi? Mngemwuliza ng'ombe angeshawajibu."

"Ng'ombe hatii sahihi, mama."

Mama mkwe alicheka, lakini hakusogea kizingitini. Ilibidi Kiguu aruke miguu yake kuingia ndani.

Chumba kilikuwa kimoja, kimefagiliwa, kimegawanywa kwa kabati la nguo. Yule mama mdogo wa umri, mshiriki wa sitini na nne, alikuwa ameketi kitandani na mtoto mapajani. Alimshika jinsi mtu anavyoshika sinia lililojaa vikombe: mikono imekakamaa, macho hayabanduki. Mtoto mwenyewe alikuwa mnene, mwenye mashavu, amelala fofofo. Macho ya Kiguu yalitafuta beseni. Hakuliona sakafuni. Akaliona juu, limetundikwa kwenye msumari karibu na paa, mahali ambapo hata yeye mrefu asingelifikia bila kupanda kitu.

"Mimi ndiye mkubwa wa wale dada waliokuwa wakija," alisema. "Nimekuja kumaliza maswali."

Yule mama mdogo alimwangalia kidogo, akarudisha macho kwa mtoto.

"Uliza tu," mama mkwe alisema kutoka mlangoni, akivuta kigoda chake ndani. "Mimi sina neno. Nashona tu hapa."

Kanuni zilisema wazi: hakuna mahojiano mbele ya mtu wa tatu. Kiguu ndiye aliyewafundisha wahoji kanuni hizo, ndiye aliyewakaripia walipozivunja. Akatoka nje hadi kwenye gari, akamwekea dereva ubao na fomu ya pazia mikononi.

"Mzee, unajua kusoma mwandiko wa chapa?"

"Nasoma vibao vya barabarani."

"Basi huyu mama ni barabara. Mwite nje, umuulize haya, ya watoto wake yeye, wa zamani. Usiruke hata moja. Akikupa hadithi, andika hadithi."

Dereva alitazama fomu kana kwamba amekabidhiwa mtoto mwenyewe. "Ananyonya mara ngapi," alisoma kwa sauti ya chini. "Mwaka na nusu nimekaa nje nikidhani mnaongea mambo ya maana." Lakini alishuka, akavuta shati lake, akaenda mlangoni na kusema kwa adabu kubwa kwamba mradi ungependa pia kujifunza kwa wazazi waliotangulia, hasa waliolea bila vitabu.

Mama mkwe aliacha sindano. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza jambo hilo. Alianza kuinuka, akishika magoti yake.

"Usimtoe."

Sauti ilitoka kitandani. Haikuwa kubwa, lakini Kiguu aligeuka kana kwamba ameshikwa bega.

"Usimtoe nje," yule mama mdogo alisema tena. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Au... akitoka, atoke naye. Mtoto aende naye. Tafadhali."

Kiguu alikuwa na mwaka na nusu wa kuwahamisha watu vyumbani kwa ujanja: mume atumwe dukani, wifi aitwe apimwe uzito, bibi apewe fomu ya pazia. Siku zote aliyebaki chumbani alishusha pumzi mlango ulipofungwa. Hakuwahi kukutana na mtu aliyeuogopa mlango wenyewe. Akaenda, akamchukua mtoto kwa mikono miwili, akampa mama mkwe. Mama mkwe alimpokea bila kuuliza swali, na hilo Kiguu aliliona, ingawa hakuwa na nafasi ya kulifikiria.

Nje, sauti ya dereva ilianza: "Swali la kwanza, mama. Mtoto wako wa kwanza alikuwa analala vizuri?"

"Wa kwanza? Yule alikuwa bundi!"

Ndani, yule mama mdogo alifungua vidole vyake kimoja kimoja, kama mtu aliyeshika kamba siku nzima.

"Mmesoma," alisema.

"Tumesoma."

"Lini?"

Kiguu angeweza kusema uongo. Maneno yalikuwa tayari. "Leo asubuhi," alisema.

"Nilikuwa nahesabu. Kumi na tisa." Hakusema kwa kulaumu. "Yule dada aliandika kila neno. Niliona kalamu inakwenda. Nikasema, basi, wanajua, watakuja kesho. Kesho nikavaa vizuri."

Kiguu alitaka kwenda dirishani. Chumba hakikuwa na dirisha upande ule. Akapiga magoti mbele ya kitanda, kwa kuwa hakukuwa na kiti kingine.

"Mimi si daktari," alisema. "Lakini lazima nikuulize swali moja moja kwa moja, na lolote utakalosema halitanishtua. Umewahi kumfanya mtoto kitu?"

"Hapana." Haraka. "Hapana. Namwona tu. Nikijaza beseni namwona yuko chini ya maji. Sitaki, lakini namwona. Nikifumba macho namwona zaidi. Mtu mwema anaona vitu kama hivyo?"

"Wengi wanaona. Hawasemi."

"Wangapi?"

Swali hilo Kiguu alikuwa na jibu lake, kwa asilimia, limechorwa kwa rangi kwenye ukuta wa ofisi. Akashangaa jinsi asilimia isivyofaa mdomoni. "Wengi kuliko unavyodhani, hata mtaa huu," alisema. "Na wewe mwenyewe? Umefikiria kujidhuru?"

Yule mama mdogo alitazama mlangoni, ambako mtoto alikuwa ameamka na kulia kidogo, kisha akanyamaza. "Nimefikiria kwamba nikiondoka mimi, yeye atakuwa salama," alisema.

Ilikuwa saa tisa kasorobo.

"Kuna mtu anatusubiri mpaka saa kumi," Kiguu alisema. "Kazi yake ni hii tu. Twende wote. Mama mkwe wako, mtoto, wote. Hakuna atakayebaki peke yake na mwenzake."

Alidhani atabembeleza. Yule mama mdogo alikuwa ameshavaa viatu.

Kwenye gari mama mkwe alikaa mbele na mtoto, akilalamika kwamba hajamaliza swali la saba. Dereva aliapa kuwa watalimalizia njiani, na kweli wakalimalizia, yeye akiendesha na mama mkwe akijiandikia mwenyewe juu ya goti. Nyuma hakuna aliyesema kitu. Kiguu alifungua dirisha. Yule mama mdogo, bila kumtazama, alimshika mkono uliokuwa kwenye kitasa, akauweka chini juu ya kiti, akauacha umeshikwa hapo.

Mshauri alikuwa amebeba mkoba wake begani, tayari kuondoka. Aliwatazama, akaurudisha mkoba mezani, akamchukua yule mama mdogo ndani kwa neno moja tu, "Karibu." Mlango ukafungwa taratibu.

Kwenye korido kulikuwa na benchi refu na tangazo la chanjo lililobanduka kona moja. Mama mkwe alikaa. Mtoto alikuwa akifyonza ncha ya nguo yake. Kiguu alitembea mpaka mwisho wa korido, akageuka, akarudi.

"Kaa mwanangu, unanitia kizunguzungu."

"Nimezoea kusimama, mama."

"Unasubiri kuniuliza nini? Uliza. Leo nimeulizwa mpaka na dereva."

Kiguu alisimama mbele yake. "Lile beseni. Nani alilitundika kule juu?"

"Mimi. Nilipanda juu ya meza na magoti haya unayoyaona." Alimpangusa mtoto udenda. "Wiki ya tatu baada ya kujifungua, nilitoka sokoni nikamkuta amesimama juu ya beseni, mtoto mkononi, maji yalishapoa zamani. Hakufanya kitu. Amesimama tu, anatetemeka. Nikamwambia lete, maji yamepoa. Hatukusema zaidi ya hapo. Tangu siku hiyo siondoki. Sokoni siendi, msibani siendi. Ndugu zangu wanasema nimemganda mkwe wangu kama kupe."

"Kwa nini hukutuambia? Tumekuja mara tatu."

Mama mkwe alimtazama kwa muda, bila hasira, jinsi mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyevaa viatu miguu tofauti. "Mmekuja mara tatu, na mara zote tatu neno lenu la kwanza kwangu lilikuwa: mama, tafadhali tupishe."

Mlango wa mshauri haukutoa sauti. Ng'ambo ya ukuta mtu aliburuta ndoo.

*Mama mkwe haondoki.* Akilini Kiguu aliliona lile neno la daftarini, lenye kuegemea mbele, na sahihi chini yake.

"Na yule asiye na mtu nyumbani?" aliuliza. Hakujua kwa nini aliuliza. "Asiye na mama mkwe, asiye na dada. Akiona vitu hivyo, anafanyaje?"

Mama mkwe aliinua mabega. Lilikuwa swali rahisi kuliko yote aliyoulizwa siku hiyo.

"Asiye na mtu hupunguza maji," alisema.

Kiguu alikaa. Hakukusudia, benchi lilikuwa pale tu. Alikaa mpaka mlango ulipofunguliwa, mpaka mshauri aliposema kwamba yule mama mdogo atalala kliniki siku chache, na mtoto, na kwamba kuna kitanda cha tatu kwa ajili ya mama mkwe kama atataka. "Kwani mlidhani nitakwenda wapi?" mama mkwe alisema, na akaanza kufungua vitambaa vya magoti.

Dereva alimrudisha Kiguu nyumbani jua likiwa bado juu ya mapaa. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Alipozima gari alitoa ile fomu, imejaa pande zote mbili, mistari ikipanda na kushuka. "Hii naiweka wapi, bosi? Kwenye makaratasi chakavu?"

"Nipe mimi."

Mama yake alikuwa jikoni, anaosha vyombo. Bomba lilikuwa linatiririka ndani ya beseni kubwa la bati, na mikono yake ilikuwa imezama hadi kwenye viwiko. "Mapema leo," alisema bila kugeuka. "Wamekufukuza?"

Kiguu alivuta kiti kilichokuwa kando ya mlango, akakileta karibu na beseni, akakaa.

Mama aligeuka. Akamtazama binti yake, akakitazama kiti, akamtazama tena. "Umekaa," alisema. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Basi unaumwa."

"Siumwi. Nataka kukuuliza kitu."

"Cha kazini au cha nyumbani? Kama ni cha kazini, mimi niandikie ni mzima, nalala, nakula, majirani ndio wagonjwa."

Kiguu hakucheka. Juu ya rafu, kati ya sufuria, kilikuwepo kikombe cha bati chenye mpini uliochomelewa upya, kikombe ambacho maisha yake yote kilikuwa kinahamishwa kutoka nyumba hadi nyumba na hakuna aliyekinywea.

"Ulipokuwa unaniogesha kwa kikombe," alisema, "nyumbani ulikuwa na nani?"

Mzaha ulikuja usoni mwa mama. Ulifika mpaka kwenye pembe za midomo, mahali pake pa siku zote. Ukasimama hapo. Kisha ukaondoka polepole, na uso uliobaki Kiguu hakuwahi kuuona.

Mama hakutoa mikono majini. Maji yalipanda, yakafunika sahani ya mwisho, yakafika ukingoni mwa beseni, yakaanza kumwagika kwenye sakafu na kwenda chini ya kiti, na hakuna hata mmoja wao aliyeinuka kufunga bomba.